Kasida ya Kiwango Namba 12207

Wamesifiwa wafalme, wamesifiwa farasi wa wafalme, na hata tambuu imepata washairi wake. Sijaona aliyejitokeza kukisifu ISO/IEC/IEEE 12207, kiwango cha kimataifa kinachoeleza michakato ya programu ya kompyuta tangu inapotungwa mimba hadi inapoondolewa kazini. Kina kurasa zaidi ya 100, hakina hadithi wala kichekesho, kinauzwa kwa faranga za Uswisi, na wengi wanaokitaja kwa kiapo ndani ya zabuni hawajapata kukifungua. Mimi nimekifungua. Nimekipenda, na mapenzi hayaombi radhi.

Tuanze na nasaba, maana mtu hasifiwi kabla ya kutajwa ukoo wake. Kiwango chetu kilizaliwa mwaka 1995, lakini damu yake ni ya jeshini. Mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kiwango chake cha programu, DOD-STD-2167, ikakifanyia marekebisho mwaka 1988, na mwaka 1994 ikatoa MIL-STD-498, iliyokuja na miundo ya nyaraka 22, kila waraka na vichwa vyake, kila kichwa na vifungu vyake. Usishangae: jeshini hata kitanda kina kanuni ya kutandikwa. Mwaka huohuo wa 1994, Waziri wa Ulinzi William Perry aliagiza jeshi lipunguze kutegemea viwango vyake lenyewe na lianze kununua vitu kama raia wanunuavyo. MIL-STD-498 ikavua gwanda mwaka 1998, na urithi ukaenda kwa 12207. Ndiyo sababu mpaka leo ukikisoma kwa sauti unajikuta umesimama wima.

Yuko na babu mwingine upande wa kiraia, Winston Royce. Mwaka 1970 aliandika makala akachora hatua za kutengeneza programu zikishuka moja baada ya nyingine, kisha akaeleza kwamba kufanya kazi namna hiyo tu ni hatari na kunakaribisha kushindwa. Wasomaji wakauchukua mchoro na maelezo wakayaacha. Basi tusilaumiwe sisi wa leo kwa kutosoma nyaraka. Tumeipokea sunna kutoka kwa wakubwa. Royce huyohuyo alikadiria kwamba mtambo wa dola milioni 5 unatosheka na maelezo ya kurasa 30, lakini programu ya bei hiyohiyo inahitaji kurasa 1,500. Karatasi kwake haikuwa adha. Ilikuwa mahari.

Sasa umbo. Kilipozaliwa kilikuwa na michakato 17. Kufikia toleo la 2008 kilikuwa kimeneemeka hadi 43, na toleo la 2017 likakirudisha kwenye 30. Sijaona mtu mzima aliyenenepa na kupungua kwa staha namna hiyo, tena bila kubadili namba.

Fadhila yake ya kwanza ni kumfunza kijana adabu. Kijana wa programu ukimpa kazi jioni, asubuhi amekwisha kuandika msimbo, na mchana anauliza kazi yenyewe ilikuwa nini. Kiwango hakina pupa hiyo. Kati ya michakato yake 14 ya kiufundi, wa kwanza unauliza kama kuna tatizo lolote linalostahili kutatuliwa. Wa pili unauliza ni la nani. Kisha yanakuja mahitaji, usanifu, ubunifu na uchambuzi. Utengenezaji wenyewe unatajwa wa 7, baada ya wageni wote kukaribishwa. Chenyewe kinakana kabisa kwamba orodha hiyo ni foleni: kinasema michakato yaweza kurudiwa, kuchanganywa, hata kwenda sambamba, na kwamba hakimlazimishi mtu kufuata njia moja ya kazi. Habari hizo bado hazijawafikia wakaguzi wengi, na sioni haja ya kuwaharibia siku.

Lakini uungwana wake hasa umo kwenye Kiambatisho A, ambacho kila anayekilalamikia kiwango hiki angekisoma kabla hajafungua mdomo. Pale kinatoa ruhusa kikatwe. Ndiyo, kikatwe: kama kanzu ya dukani inayopelekwa kwa fundi ipunguzwe mikono, mradi unaweza kuondoa usichokihitaji na kubaki na kinachoukaa mwilini. Nimesoma sheria za taasisi nyingi na sijaona nyingine inayokufundisha utaratibu halali wa kutoitii. Sharti ni dogo tu. Uandike unachokiondoa, uandike kwa nini, na walioguswa na uamuzi huo wawe wamesikilizwa.

Hapo ndipo werevu wake ulipolala. Kuacha majaribio kwa sababu mteja ana haraka ni jambo la kila wiki, na halijawahi kumkosesha mtu usingizi. Lakini mwambie meneja yuleyule aandike: tumeacha kuifanyia uhakiki sehemu ya malipo, sababu ni kwamba mheshimiwa anakuja kuzindua Ijumaa, kisha atie sahihi na tarehe. Utaona kalamu inavyokuwa nzito. Kiwango hakimkatazi mtu ujinga. Kinamwomba tu auandikishe, na ujinga mwingi huishia pale kwenye dawati la kuandikishia.

Wapo wanaosema kwamba karatasi hazizuii ajali, na mfano wao ni Mars Climate Orbiter. Mwezi Septemba mwaka 1999 chombo hicho cha Marekani kilipotea kilipokuwa kinafika sayari ya Mirihi. Programu ya ardhini ilikuwa ikitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya pauni, na waliozipokea wakazichukua kuwa ni nyutoni, tofauti ya mara 4.45 hivi. Naam. Lakini waraka wa mradi uliokubaliwa ulitaka vipimo vya metriki, peupe kabisa. Karatasi haikukosea hata nukta. Ilikaa mahali pake, ikasema kweli, na chombo kikapotea kwa kushindana nayo. Mimi nauita huo ushahidi wa utetezi.

Wapinzani wake wa maana zaidi walikutana Februari 2001 huko Snowbird, Utah, wataalamu 17, wakatoa tamko lao wakisema wanathamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi. Tangu hapo ofisi zimejaa karatasi ndogo za rangi zilizobandikwa ukutani, na kazi hupimwa kwa mbio za wiki mbili mbili. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Feni ikiwashwa, mpango wa mradi unaokotwa chini ya viti. Hata hivyo nawaheshimu, kwa kuwa hawakusema nyaraka hazina thamani. Waliosema hivyo ni wafuasi wao, ambao nao, kama wale wa Royce, waliishia mstari wa kwanza.

Wanyonge nao hawakusahauliwa. Kampuni ya watu watano iliyopanga chumba juu ya duka la simu haina mkutubi wala mkaguzi, basi kwa ajili yake ukoo huu ulizaa mtoto mdogo, ISO/IEC 29110, aliyekusudiwa makampuni yasiyozidi watu 25. Wasifu wake wa msingi una michakato miwili tu: kusimamia mradi, na kutengeneza programu.

Nimeiweka nyuma fadhila ninayoipenda kuliko zote. Wa mwisho katika ile michakato 14 ni mazishi. Wataalamu hutafuta maneno laini, husema kuondoa au kusitisha, lakini mimi nimezaliwa kwenye jamii inayojua kuandaa maiti, na nikiona mazishi nayatambua. Uliza katika uzinduzi wowote wa mfumo, penye keki, puto na mwenye tai ya taasisi: siku ukifa tutauzikaje? Data itakwenda wapi, nani ataarifiwa, nani atafunga milango ya watumiaji? Watakuona mchuro. Kiwango kinaliuliza hilo mapema, bila haya.

Nasi tunajua yanayotokea kwa wasiozikwa. Kila mji una ofisi ambamo mfumo wa zamani bado unatembea. Aliyeuandika alihama, nywila alikwenda nayo, kompyuta unamokaa hairuhusiwi kuzimwa hata kwa kufutwa vumbi, na mfumo mpya ulionunuliwa kuchukua nafasi yake unachota taarifa zake humohumo kwa siri kila usiku. Ukifika dirishani na vielelezo vyako unaambiwa mtandao unasumbua. Mtandao hausumbui. Ni marehemu anayetembea. Kwa taasisi za umma Tanzania, Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hutoa viwango na miongozo. Lakini mwongozo hauchimbi kaburi peke yake, lazima pawe na mtu wa kushika jembe, na katika bajeti fungu la uzinduzi daima ni nono kuliko fungu la jembe.

Ninalo ombi moja kwa kamati inayokitunza. Michakato 30 yatosha kwa mengi, ila naomba wa 31: kusoma. Lengo lake liwe kuhakikisha kwamba angalau mtu mmoja, mwenye akili timamu na asiyekuwa mwandishi, ameupitia waraka kabla haujaingia kabatini. Ushahidi unaokubalika: swali moja lililoandikwa pembeni kwa kalamu, au doa la chai kuanzia ukurasa wa 40 kwenda mbele. Nimejulishwa kwamba mapendekezo hupitia shirika la viwango la kila nchi, ambalo kwetu ni TBS, na kwamba lazima yawe kwa maandishi. Nimekwisha kuandika kurasa tisa na kumpelekea mkuu wangu wa idara azitie sahihi, naye, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, amekataa kusaini mpaka asome.