Wamelifua Dudu

Brussels, Ijumaa usiku

Mama, Yaya, na wote wa nyumbani,

Msishtuke kuona barua ndefu. Hakuna aliyekufa, isipokuwa harufu ya kikwembe, na hiyo nitaieleza polepole maana bado nina hasira.

Nimegombana na kreshi. Kreshi ni nyumba ambayo unawalipa watu wakae na mtoto wako mchana, kazi ile ambayo mama jirani wa ng'ambo ya barabara alitufanyia sisi sote kwa malipo ya salamu na, mwezi ukiwa mzuri, kipande cha sabuni. Kupata nafasi ni habari nyingine. Hapa mwanamke anaweza kuandikisha mtoto mimba ikitimiza miezi 3. Kwetu mimba ya miezi 3 hata shangazi hajaambiwa, watu wabaya wasije wakasikia! Basi mimi na mkwe wenu tukanyamaza kwa heshima ya desturi, tukaenda mwezi wa saba, tumbo mbele, tunatabasamu. Wakatuonea huruma. Hata reli haikuchelewa hivyo: kutoka kusini iliingia kwetu Sakania 1909, na 1910 treni ilikuwa imeshafika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi. Sisi tulikaa kwenye orodha miezi 14.

Malipo yanahesabiwa kwa mshahara wa wazazi. Nawaambia ninyi mnaonidhani tajiri: madame wa hesabu aliisoma karatasi yangu ya mshahara, akaniangalia, kisha akanisogezea kikombe cha kahawa. Yaya, ile habari ya mabati itasubiri kidogo.

Sasa mashine. Mlangoni kuna sanduku limekaa sakafuni kama mtego wa panya. Kwa kuwa watoto wanatambaa humo ndani, kiatu cha barabarani hakiingii hivi hivi. Unatumbukiza mguu, unakanyaga, kitu kinafyatuka, mguu unatoka umevaa mfuko wa plastiki wa buluu. Wenzangu wanapita hapo kama wanacheza rumba: kushoto, kulia, wameingia. Mimi mnajua navaa namba 46, na siku ya kwanza nilitinga vile viatu vyenye mdomo mrefu mlivyoviona kwenye picha. Nikakanyaga. Ikafyatuka, ikakamata ncha tu. Nikavuta, sanduku likaja na mguu. Nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja, mtoto mkononi, mfuko wa nepi shingoni, na nyuma yangu wazazi watano wamepanga foleni kimya, kimya kile cha huku ambacho ni afadhali utukanwe. Ingekuwa pale mpakani kwetu, dakika ile ile ningekuwa na watu saba: mmoja anashika sanduku, mmoja anavuta mguu, mmoja anawauzia watazamaji mayai ya kuchemsha, na dereva wa lori la shaba anatoa ushauri kwa Kibemba bila kushuka. Hapa mama mmoja alivua viatu, akanipita na soksi zake, akanitakia siku njema. Kumbe kuvua pia kunaruhusiwa! Ila mimi nisingeweza. Kidole gumba changu siku hiyo kilikuwa nje, kinaangalia Ulaya.

Ndani, nasema kweli, pazuri. Hesabu yao ni mlezi 1 kwa watoto 7. Kwetu watoto 7 hulelewa na wa nane, mwenye miaka tisa. Na jioni unapewa daftari la siku nzima ya mtoto: amekula nusu ndizi saa ngapi, amelala dakika ngapi, amekunya mara ngapi, kigumu au laini, na rangi yake. Sisi mtoto alitoka asubuhi mweupe kwa mafuta ya kujipaka, akarudi jioni mwekundu kwa udongo, na ulijua amekula kwa kuona sombe ya jirani kwenye mashavu. Mama, hukuwahi kuandikiwa habari ya kinyesi changu na mtu yeyote. Mimi ninalo daftari zima, na mkwe wenu hulisoma kwa sauti tukiwa mezani.

Kwenye daftari hilo hilo nikakuta wameandika: "Baba humwita mtoto 'Mama'. Je, kuna jambo nyumbani mngependa tuzungumze?" Tukaitwa. Nikaeleza kwamba mtoto amebeba jina la mama yangu, kwa hiyo siwezi kumtaja kavu kavu, ni mama yangu yule. Madame akaandika yote. Akauliza, sasa akikosea mnamkemeaje? Nikamwambia hatumkemei, nani anamkemea mama yake? Akaandika na hilo, akapiga mstari chini.

Msifikiri huu uandishi ni mpya. Mnakumbuka Nkambo, bibi yetu, alivyokuwa akisimulia mambo ya kambini Lubumbashi? Union Minière ilipoanza, miaka ya 1920, kutaka wafanyakazi wakae na wake zao na watoto, mizani nayo ikaja. Akina mama wakapanga mstari, watoto wakapimwa, wakaandikwa, wakapewa maziwa. Nkambo alisema mwanawe alipimwa hadi akajiona gunia. Na Wabelgiji wenyewe walikuwa ndio kwanza wanaanza: ofisi yao ya watoto, ambayo leo inaitwa ONE, mizizi yake ni sheria ya 1919. Nami nikivaa ile mifuko ya buluu kila asubuhi namsikia Nkambo akicheka, maana yeye alipelekwa kwenye mizani, mimi nimeifuata mwenyewe kwa ndege.

Turudi kwenye dudu. Kwenye orodha ya vitu vya kuleta waliandika nepi, soksi, picha ya familia, na "doudou" la mtoto. Kifaransa changu mnakijua, ni cha shule: maneno ya bunge ninayo yote, ya watoto wachanga hakuna aliyenifundisha. Nikasoma: dudu. Nikamuuliza madame, mtoto aje na dudu? Akasema ndiyo, lazima, bila hilo hatalala. Nikawaza vinkubala, wale viwavi wetu wa kula, nikasema moyoni hawa watu leo wametupita hata sisi. Kumbe doudou ni kitambaa au mwanasesere ambaye mtoto humkumbatia akilala. "La muhimu," akaniambia, "linuke nyumbani."

Linuke nyumbani! Mama, nilikimbia. Kile kikwembe chako cha buluu, ulichonifungia kapenta ndani ya valizi, nilikuwa sijakifua tangu nitoke. Kina moshi wa mbabula, kina kapenta, kina ile sabuni yako. Nikakipeleka, nikaandika jina la mtoto, maana hapa kila kitu lazima kiandikwe jina. Na mtoto akalala nacho vizuri kabisa. Daftari linashuhudia.

Leo jioni nimekikuta kimekunjwa pembe nne, kimepigwa pasi, ndani ya mfuko, kinanuka maua. Madame anatabasamu kama mtu anayetoa zawadi: wamekifua, digrii 60. Daftari linasema: "Usingizi: hakuna. Amelia." Nikatafuta Kifaransa cha hasira, nikakuta nina cha mtihani tu. Nikamwambia, "Madame, ninasikitika kwa kiwango kikubwa." Akafungua faili, ukurasa wa 9: vitambaa vyote hufuliwa Ijumaa, kwa usafi. Chini yake saini yangu, nzuri, yenye mikia. Kisha akaniambia kwa upole kwamba wazazi wengine huwa na madoudou mawili, moja linafuliwa, lingine linanuka.

Mtoto, kwa taarifa yenu, amelala zamani, amekumbatia kitambaa cha kufutia vyombo. Mkwe wenu yuko kazini. Mimi nimekaa jikoni, kikwembe kiko puani, naitafuta kapenta pembe kwa pembe. Kwenye pindo, karibu na ule uzi mweusi ulioshonea Mama, nimepata kidogo. Au nimejidanganya.

Yaya, nakuomba. Tafuta kikwembe kingine cha Mama, kile anachovaa, si kipya. Kitundike karibu na mbabula mnapokaanga samaki thomson, siku tatu, nne zikiwezekana. Usikifue. Mtu akija huku mpe, akifunge vizuri ili wenzake kwenye ndege wasilalamike. Ukikate vipande viwili. Kimoja andika jina la mtoto. Cha pili usiandike kitu.