Kiwango Kipo, Viendelezi Vinatawala

Haskell, lugha ya programu inayojengwa kwa funksheni, ina kiwango rasmi, Haskell 2010, kinachoheshimiwa na wengi lakini kinachowatosha wachache. Faili la kawaida hutanguliwa na safu ya maagizo ya LANGUAGE, kila moja likiwasha kiendelezi cha kompaila ya GHC. Msimbo husubiri zamu yake. Anayeshikilia kiwango hupata programu inayokubaliwa na kompaila yoyote, ingawa kwa kawaida iliyopo ni GHC. Anayependa viendelezi hupata mfumo wa aina wenye nguvu zaidi, na ujumbe wa makosa wa urefu unaolingana. Mwaka 2021 GHC ilifungasha viendelezi vingi pamoja, ikaviita GHC2021, ikavifanya chaguo-msingi. Tangu hapo, anayeiita GHC moja kwa moja akitaka kiwango rasmi ndiye anayepaswa kuomba ruhusa.