Barua ya Wazi: Zimwi Anaomba Nafasi

Kwa Wakuu wa Wizards of the Coast,
Renton, Washington,
Marekani.

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA ZIMWI KATIKA MCHEZO WA DUNGEONS & DRAGONS

Ndugu Wakuu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya zimwi. Ni huyu wa kwetu, wa hadithi za bibi, mwenye pango, gunia na njaa isiyoisha. Amepata habari kwamba kitabu chenu cha wachezaji cha mwaka 2024 kimemtoa orki, jitu lenu la vita, kwenye kundi la wanaosubiri kuuawa na kumweka safu moja na binadamu, awe mtu ambaye mchezaji anaweza kumchagua na kumvaa. Zimwi naye anataka nafasi hiyo. Mimi hucheza mchezo wenu Jumamosi jioni na rafiki zangu hapa Dar es Salaam, meza moja, korosho, dadu la pande 20 katikati, basi akaona mimi ndiye ninayejuana na wakubwa.

Mtaona nasema "zimwi huyu". Methali yetu inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, yaani inamtaja kwa ngeli ya jiwe na jani. Kwa ajili ya maombi haya nimempandisha ngeli. Lakini hata ndani ya methali isiyomhesabu mtu, zimwi ana kitu ambacho orki wenu alinyimwa miaka mingi. Anamtambua anayemjua na asiyemjua, na anaamua mwenyewe amle kiasi gani. Orki wa kitabu chenu cha majitu cha 1977 alikuwa mwovu ukoo mzima. Hakuulizwa.

Tulianza na fomu. Karatasi ya mhusika ina mahali pa jina, mbari, kazi, halafu tarakimu za nguvu, akili, busara, haiba. Zimwi aliigeuza mara mbili akasema anaijua. Ni mzee. Wakati wa mkoloni Kenya, kuanzia miaka ya 1920, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande: jina, kabila, alama za vidole, umemfanyia kazi bwana gani. Walikining'iniza shingoni ndani ya kijikopo cha chuma. Zimwi anasema aliwameza wachache, na kikopo hakisagiki.

Nikamfungulia kitabu cha sheria cha 1978, alichokiandika Gary Gygax miaka minne baada ya yeye na Dave Arneson kuutoa mchezo kwa mara ya kwanza. Mle ndani kuna jedwali la mbari zipi zinapendana, zipi zinavumiliana na zipi zinachukiana, kwa herufi moja moja, kama ratiba ya treni. Kuna pia vikomo. Mfupi wa milimani mwenye ndevu na shoka akipanda ngazi kadhaa katika kazi ya upiganaji anasimamishwa, hata awe hodari vipi. Binadamu peke yake hakuwekewa dari ya mbari katika kazi yoyote. Zimwi aliuliza kama aliyeandika alikuwa binadamu. Nikamjibu ndiyo.

Tukaruka mpaka mwaka 2000, toleo la tatu: nusu-orki, nguvu jumlisha mbili, akili toa mbili, haiba toa mbili. Tukaruka tena mpaka 2016, kwenye kile kitabu cha majitu kilichopewa jina la Volo: orki kamili, akili toa mbili. Hapo ndipo zimwi alipotoa miwani.

"Hiyo toa mbili," akasema, "walimpima nani?"

Nilicheka, kisha nikaacha. Maana wapo waliopimwa. Wabelgiji walipima pua na vimo vya Wanyarwanda, na katika miaka ya 1930 wakaandika kwenye vitambulisho kwamba huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Neno hilo lilikaa kwenye kitambulisho mpaka 1994, likasomwa vizuizini na watu wenye mapanga. Waingereza nao, wakiandikisha askari wa KAR, jeshi lao la kikoloni Afrika Mashariki, walikuwa na orodha yao ya makabila yaliyozaliwa kwa vita, kana kwamba mtu anatoka tumboni na jumlisha mbili ya bunduki. Nyinyi hamkumuua mtu, Ndugu Wakuu. Mliirithi hesabu ile mkaipa dadu, na mezani ikawa tamu.

Msidhani tunajifanya malaika. Watu wa pwani walikuwa na neno mshenzi, la kumtaja kila aliyetoka bara, na kitabu cha kanuni hawakukihitaji. Na pale mezani kwetu, tulipotafuta Kiswahili cha yule mfupi wa milimani, mmoja wetu alisema "mbilikimo" bila hata kukohoa. Neno hilo tayari wamebandikwa watu halisi, wanaoishi msitu wa Ituri, nao hawakuliomba. Tukanyamaza kidogo, tukala korosho.

Turudi kwenu. Juni 2020, Marekani ikiwa barabarani baada ya kifo cha George Floyd, mlitangaza kwamba orki na drou hawatachorwa tena kama watu waovu kwa kuzaliwa. Drou, kwa wasiowajua, ni jamii yenu ya chini ya ardhi yenye ngozi nyeusi, inayoabudu malkia wa buibui, na weusi wake katika baadhi ya simulizi zenu ni laana. Mimi niliyesoma baiolojia ya sekondari nilidhani viumbe wa mapangoni hupauka. Mwaka 1988 mwandishi R. A. Salvatore aliwaletea drou mmoja mwema, Drizzt, akapendwa sana na vitabu vikauzika. Tunamfahamu Drizzt huku kwetu. Ni yule anayeambiwa ofisini, kwa mapenzi ya dhati kabisa, "Wewe si kama wenzako."

Mwaka huo huo wa 2020 mkaifuta ile toa mbili ya orki. Vitabu vya zamani mkavibandika onyo kwamba vina mawazo yasiyofaa, mkaendelea kuviuza. Zimwi alilipenda sana onyo hilo. Anaomba ruhusa alitundike mlangoni mwa pango.

Halafu ikaja Agosti 2022, na hapa naomba mnivumilie. Miaka miwili baada ya tangazo, mkatoa kitabu cha safari za angani chenye watu wanaoitwa hadozee. Ni watu nyani. Kisa chao: waliishi mitini, mchawi akawakamata, akawapa dawa, wakapata akili, naye akapanga kuwauza wawe jeshi. Wanafunzi wa mchawi wakawahurumia wakawakomboa. Juu ya hayo kukawa na picha ya mmoja wao na ala ya nyuzi, katika mkao uliowakumbusha Wamarekani maonyesho ya kale ya Wazungu waliojipaka masizi usoni. Mapema Septemba mkaomba radhi na kuyaondoa.

Zimwi aliniomba nirudie pale wanapopewa akili. Nikarudia. Utumwa haukumshangaza, hadithi zina utumwa. Kilichomkaa kooni ni kwamba hadozee karibu kila kitu katika kisa chao wenyewe waliletewa. Akili waliletewa, minyororo waliletewa, uhuru waliletewa. Hata yeye, alisema, watoto wote aliowatia guniani katika hadithi za bibi, kila siku mmoja alijua wimbo wa kumlaghai akatoka.

Desemba 2022 mkapata dawa ya kudumu. Mkatangaza kwamba neno mbari linaondoka na badala yake litatumika spishi. Sasa, spishi nayo tulifundishwa darasani, na kwa kipimo cha kawaida spishi mbili tofauti haziachi uzao wenye kuzaa. Yaani mlikuwa na watu waliobaguana kama jirani na jirani, mkawatenganisha kama mbuzi na kuku, mkaita maendeleo.

Pengine ndiyo maana nusu-elfu, chotara wa binadamu na elf, hayumo kwenye kitabu cha 2024. Tunamwita elfu kwa sababu jina lake la Kiingereza likipewa irabu ya Kiswahili hutoka hivyo hivyo, basi mezani kwetu chotara wake amekuwa Mia Tano. Naye nusu-orki hayumo. Neno "nusu" lilikuwa na kasoro, nakubali. Mkaliondoa neno, mkawaondoa na waliokuwa wakilibeba. Sisi wa pwani, ambao ukiondoa machotara katika ukoo unabaki na bibi mmoja na mnazi, tunauliza Mia Tano wetu ameenda wapi.

Kwa haki ya Mungu, jambo moja mmelifanya sawasawa: kwenye kitabu hicho damu haigawi tena akili. Sasa inayogawa ni kazi uliyotoka nayo. Mwana wa kabaila anaweza kuongezewa nguvu, akili au haiba. Mkulima nguvu, ustahimilivu au busara. Akili haimo, haiba haimo. Tanzania tulikuwa na Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, aliyejulikana nchi nzima kama Mtoto wa Mkulima. Kwa jedwali lenu angeondoka nyumbani na pumzi nzuri.

Ndipo tulipokwama. Zimwi anataka kuwa mchawi, na uchawi wenu huendeshwa kwa akili. Lakini nyuma ya pango ana shamba la muhogo, ekari mbili, amelilima mwenyewe. Nilimshauri ajaze kabaila. Amekataa, anasema muhogo ni wake. Tunaomba basi pointi moja ya akili, kwa hiari yenu. Mahali pa spishi tumepaacha wazi. Fomu imeambatanishwa, na mniwie radhi kwa alama za meno pembeni, alikuwa akifikiri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mchezaji wa Jumamosi,
Dar es Salaam.

Nakala: Hasbro, wenye nyumba tangu 1999