Heko kwa Get, Msumbufu wa Kidato cha Kwanza

Neno hili la herufi tatu limewatoa jasho wanafunzi wetu kuliko maneno marefu yote ya maabara. Photosynthesis mtoto hulikariri jioni moja akalijua maisha yake yote, maana lina kazi moja tu. Get halikaririki. Asubuhi ni kupata, mchana ni kufika, alasiri ni kuelewa, na mwalimu akishachoshwa na kelele darasani hulitumia kumtoa mtu nje. Nalisifu kwa sababu hiyohiyo. Katika Kiingereza chote tunachosomeshwa, sijaona neno linalomlazimisha mtu kujifunza lugha kama hili.

Kwanza, si mzawa wa Uingereza. Lilifika na Wanorse waliovuka bahari, wakaanza kulowea kaskazini na mashariki mwa nchi ile katika karne ya 9. Kwao lilikuwa geta, yaani kupata. Waingereza walikuwa na neno la ukoo huohuo, ila liliishi ndani ya maneno mengine, na mabaki yake tunayaona hadi leo katika forget. Mgeni huyo aliingia kwa kazi moja, akaishia kushika kazi za nyumba nzima. Mwaka 1930, C. K. Ogden alipotunga Kiingereza chake chepesi cha maneno 850, alivitupa vitenzi karibu vyote akabakiza visivyofika ishirini. Get lilibaki. Acquire na obtain, ambayo sisi huyakimbilia tunapoandika barua za kuomba kazi, hayakupata heshima hiyo.

Kinachotutesa ni mazoea ya ubaoni: get, alama ya sawasawa, pata. Mwanafunzi ananakili, anafunga daftari, anadhani deni limelipwa. Halafu anakutana na get up, get lost, get over it, na kila mahali pata inagoma. Hapo ndipo elimu inapoanza, kwa sababu sasa hana budi kutazama neno limekaa na nani.

Kijana mmoja wa boti zinazopeleka watalii kisiwani Changuu aliniuliza, "Mwalimu, nimewafikisha wageni salama, nikawaambia get out, mama mmoja akakunja uso. Mbona kwenye teksi wenyewe ndivyo wanavyosema?" Swali hilo lina thamani kuliko mitihani mingi niliyosahihisha. Get out alilolisema halikuwa na kosa la sarufi. Lakini likitamkwa peke yake, kwa sauti ya kushindana na injini, ni "toka hapa!" Angetanguliza you can, angekuwa amewakaribisha washuke.

Tukaendelea na feri ya kwenda Dar es Salaam, maana huko neno hugeuka tena. Sisi tunapanda vyote na kushuka vyote: punda, baiskeli, basi, ngalawa. Mwingereza hutazama mwili wa abiria. Chombo cha kuinama na kukaa, kama gari dogo au boti ndogo, ni get in na get out. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni au feri, ni get on na get off. Na chochote unachokikalia juu kama farasi au baiskeli kinafuata njia hiyohiyo. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe wanapima kichwa kitagonga wapi." Sijawahi kusikia maelezo mafupi kuliko hayo, na tangu siku hiyo ndiyo ninayoyatumia darasani.

Lakini sifa kubwa ya get, kwa maoni yangu, iko kwingine, na ni sisi Waswahili tunaopaswa kuiona mapema kuliko wote. Kiswahili hubadili mkia wa kitenzi: piga, pigwa, pigana, pigisha. Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo, basi mara nyingi humtuma get atangulie kufanya kazi yake. Gari likiibwa, it got stolen. Watu wakioana, they got married. Mama akipeleka kitenge kwa fundi kushonesha gauni, she is getting a dress made. Anayeezekesha nyumba is getting it roofed. Mwanafunzi anayesema "nimenyoa" akitoka kwa kinyozi huandika I cut my hair, na msomaji anamwona ameshika mkasi mbele ya kioo. I got my hair cut ndiyo inayomrudisha kinyozi kwenye sentensi. Mtoto akishaonyeshwa jambo hili, hahitaji orodha ndefu. Anagundua kwamba kauli za kutendwa na kutendesha alizosoma kwenye Kiswahili, akidhani ni za mtihani tu, ndizo zinazomfungulia Kiingereza. Ningependa walimu wa masomo haya mawili wakae meza moja kwa ajili ya kitenzi hiki tu.

Bado lina usumbufu mwingine, nao naupokea. Mwingereza wa leo kwa kawaida husema I have got, Mmarekani anasema I have gotten, na wanafunzi wangu hutaka kujua nani kakosea. Hakuna. Gotten ilisafiri na walowezi wa karne ya 17 kwenda Marekani ikadumu huko, huku Waingereza wengi wakiiacha polepole. Isitoshe, Mmarekani anatofautisha: I've got ni ninacho, I've gotten ni nimeshakipata.

Na vijana wa Nairobi wameshalivika viambishi vyetu. Ukimweleza mmoja wao njia ya kufika mahali, atakujibu "nimekuget," akimaanisha amekuelewa. Kijana wa Dar es Salaam angesema "nimekupata," na wote wawili wangefika.