Karo Lako Halijai? Basi Linavuja

Mfyuu! Mtu mzima anakaa kwenye benchi la kahawa, anapiga paja, anasema: "Mimi nyumba yangu ina miaka kumi na mbili, gari la majitaka silijui hata rangi yake." Wenzake wanampa hongera. Mmoja anaomba namba ya fundi aliyemjengea. Sifa hii nimeisikia Tabata, nimeisikia Kinyerezi, nimeisikia Mbagala, na kila nikiisikia nasonya, kwa sababu watu wanasifia ugonjwa.

Tuulizane, jamani. Nyumba ina watu saba. Watu saba wanakwenda msalani kila siku ya Mungu, wanaoga, wanafua, wanaosha vyombo. Miaka kumi na mbili! Vyote hivyo vimekwenda wapi? Karo lililojengwa sawasawa lazima likusanye tope, na tope lazima siku moja likanyonywe. Lisilojaa limepasuka, au halikuwa na sakafu tangu siku ya kwanza. Na fundi anajua. Tena huwa anakwambia kabisa, kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi: "Bosi, chini sijamwaga zege, nimekuachia udongo. Hili halijai mpaka wajukuu." Bosi anachekelea, mifuko ya saruji imepungua, na jirani mwenye kisima hajaulizwa neno.

Karo halikubuniwa liwe shimo la kupotezea vitu. Lina vyumba viwili, cha kwanza kikubwa karibu mara mbili ya cha pili. Uchafu ukiingia chumba cha kwanza unatulia: kizito kinazama kuwa tope, mafuta na sabuni vinaelea na kufanya utando kama wa maziwa yaliyopoa, katikati yanabaki maji. Vijidudu visivyotaka hewa vinalila lile tope taratibu, vinalipunguza lakini havilimalizi. Maji ya katikati ndiyo peke yake yenye ruhusa ya kuvuka chumba cha pili, kisha kutoka kwa bomba la inchi nne lenye tii iliyozamishwa chini ya utando, kwenda kwenye lile shimo la mawe linaloyanywesha ardhi. Ile tii ndiyo mlinzi wa kazi yote, na ndiyo kitu cha kwanza fundi mwenye haraka anachokiruka. Isipokuwepo, utando unavuka, tope linavuka, vinyweleo vya udongo vinaziba, shimo la mawe linakufa. Hapo utaita gari leo, wiki ijayo choo kimejaa tena, utamlaumu mwenye gari kwamba hakunyonya vizuri. Mwenye gari hana kosa. Udongo wako hauingizi maji tena.

Sasa turudi kwa huyu asiyeweka sakafu. Dar es Salaam wengi wetu hatujaunganishwa na bomba la majitaka, kila mtu na shimo lake, na wengi hao hao tumechimba visima kwa sababu maji ya bomba yanakuja yakipenda. Wataalamu wa maji hutaka kisima kikae angalau mita 30 kutoka chooni. Kiwanja cha kawaida huku kwetu ni 20 kwa 20. Pima pembe hadi pembe: mita 28 na kidogo. Maana yake, hata ukiweka choo kona ya huku na kisima kona ya kule, ndani ya ukuta wako mwenyewe hufiki mita 30. Na jirani upande wa pili wa ukuta naye ana choo chake, hakukuuliza kisima chako kiko wapi. Kwenye viwanja kama hivi, kinga ya kwanza inayosimama kati ya choo na ndoo ya kunywa ni zege la sakafu na lipu iliyopigwa niru pande zote. Ndilo zege hilo hilo fundi alilokuokolea.

Kijana mmoja wa bodaboda pale kijiweni alinijibu kwa kujiamini: "Mzee, kisima chetu maji yake meupe, matamu, hayana hata harufu." Nami nilimjibu bila kumung'unya: weupe wa maji haukuonyeshi chochote. Mchanga unachuja rangi na harufu mapema sana. Vijidudu vya kuharisha havionekani kwa jicho, na naitreti, ile chumvi inayotokana na mkojo na kinyesi kikishaoza, haina rangi wala harufu. Akasema, basi tutachemsha. Chemsheni, kuchemsha kunaua vijidudu na ni jambo la lazima. Ila naitreti haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi kukolea. Mtu mzima anaweza asijue. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, damu yake inashindwa kubeba hewa, midomo inageuka samawati. Hapo kijana alinyamaza, ana mtoto wa miezi minne.

Na tusijifanye tumesahau kipindupindu. Agosti 2015 kilianzia hapa hapa Dar es Salaam, kikasambaa mikoani, kikaua watu na kufunga vibanda vya mama ntilie mtaa kwa mtaa. Tulimlaumu mama ntilie. Mashimo yetu hakuna aliyeyafungua kuyaangalia.

Anayetaka kujua hali ya karo lake hahitaji mtaalamu kutoka mbali. Chukua mti mrefu ulionyooka, ufunge taulo kuukuu jeupe kuanzia ncha ya chini kupanda juu kiasi cha mita moja na nusu, ukaze kwa kamba. Fungua mfuniko wa chumba cha kwanza, usiinamie, iache hewa itoke. Uteremshe mti wima, taratibu, mpaka ugonge sakafu. Uache dakika chache, kisha upandishe polepole. Palipokuwa na tope taulo litakuwa limeshika weusi mzito. Juu ya hapo limelowa tu. Weusi ukifika theluthi ya kina cha maji, ita gari, usingoje choo kianze kugugumia. Kwa familia ya kawaida na karo la kawaida, hiyo ni kila baada ya miaka mitatu hadi mitano hivi. Na kama mti wako haugongi zege, unadidimia tu kwenye udongo, basi umeshajua kwa nini halijai.

Lakini ufungue mfuniko upi? Hapa nasonya tena. Mtu anajenga, anahamia, anapata fedha kidogo, anapamba uwanja. Analaza vitofali vya pevingi kutoka getini hadi uani, vyekundu na vya kijivu kwa zamu, pamependeza kweli kweli, na mifuniko yote ya chemba imo chini yake. Miaka sita baadaye choo kinarudisha uchafu bafuni usiku wa sikukuu, wageni wamejaa, na fundi yuko uani na nyundo anabomoa pevingi akibahatisha: hapa? Hapana. Pale? Hapana. Mwenye nyumba hakumbuki, fundi aliyejenga amehamia Morogoro. Ndugu yangu, piga picha karo kabla halijafukiwa, andika vipimo kutoka kona ya nyumba, tunza karatasi pamoja na hati ya kiwanja. Na mfuniko uonekane, uwe mzito, mtoto asiweze kuunyanyua. Kama unaona aibu, uuzungushie maua ya kopo.

Ndani ya nyumba nako kuna yanayoliua karo bila mtu kujua. La kwanza ni flashi inayovuja. Maji yanatiririka kwenye sinki la choo mchana na usiku, mtu anasema si kitu, ni sauti tu. Flashi moja mbovu inaweza kupitisha mamia ya lita kwa siku. Bili ya maji ni nusu ya hasara. Nusu nyingine ni kwamba maji hayo yanaingia kwenye karo bila kupumzika, tope halipati nafasi ya kutulia, linasukumwa kuvuka kwenda shimo la mawe. Ukitaka kuhakikisha, tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la flashi, usivute, ngoja nusu saa. Rangi ikionekana chini kwenye sinki, ile raba ya ndani imechoka. Badilisha, ni kazi ya dakika chache. Kwa nyumba nzima, funga koki zote, usitumie maji, uangalie mita. Ikizunguka, kuna bomba linavuja mahali, na huenda ni lile lililopita chini ya sakafu.

Maji ya mvua kutoka kwenye bati nayo yasiingizwe kwenye karo. Wapo wanaounganisha mifereji ya bati humo ili uwanja usituame. Mvua moja ya masika inalifagia tope lote na kulipeleka lisikotakiwa.

Jikoni, mama zangu na dada zangu, mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga samaki yasimwagwe kwenye sinki. Yakipoa yanaganda ndani ya bomba, wali unajishika hapo, majani ya chai yanajishika juu ya wali. Chujio dogo pale kwenye tundu na chemba ya kunasa mafuta nje ya jiko vinatosha. Nepi na pedi ni za kwenye pipa, tena hata zile tishu za majimaji zilizoandikwa kwamba unaweza kuflashi. Haziozi. Nimesimama na fundi akizivuta kwa waya kutoka kwenye chemba, zimesukana kamba ndefu kama mkono wangu, maandishi ya kiwandani bado yanasomeka pembeni.

Halafu kuna biashara ya dawa. Pakiti ya unga, mwuzaji anakuapia kwamba ukimwaga chooni shimo linarudi tupu. Vijidudu vinavyotakiwa tunaviingiza wenyewe kila asubuhi bila malipo, na hakuna unga wa kuondoa mchanga, plastiki na tope la miaka. Wengine wanamimina jiki chupa nzima, au tindikali, au mafuta ya taa. Mnaua wafanyakazi wenu! Karo likishapoteza vijidudu vyake linajaa haraka zaidi na kunuka zaidi.

Wa mafuta ya taa hujitetea kwamba ni kwa ajili ya mbu, na mbu ni hoja ya kweli, kwa sababu mbu wale wa usiku wanaozaliana kwenye mashimo ya vyoo ndio wanaoeneza matende. Ila dawa yake inajulikana zamani. Kule Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya mashimo yenye maji vilitiwa punje za ile plastiki nyepesi nyeupe inayofungiwa televisheni. Punje zikatanda juu ya maji, mbu wakakosa pa kutagia, na pamoja na dawa walizomezeshwa wananchi, matende yakapungua sana. Zilikaa humo miaka. Hazitiwi kwenye karo lenye bomba la kutokea, maana zitakwenda kuziba. Ni za shimo lisilo na njia. Kwa karo, funga wavu mgumu kwenye mdomo wa bomba la kupumulia na uhakikishe mifuniko haina mwanya.

Kuhusu kuingia ndani ya karo sina maneno ya kupamba: asiingie mtu. Kuna gesi humo. Mwanzoni inanuka yai viza; ikizidi inaua pua yenyewe, husikii tena harufu, unadhani imekwisha. Ndivyo wanavyokufa wanaume wawili watatu kwa pamoja: wa kwanza ameanguka, wa pili ameruka kumwokoa. Nyingine inawaka moto, kwa hiyo hata sigara ikae mbali. Wale vijana wanaoitwa vyura, wanaolipwa kushuka shimoni na ndoo usiku, ni watoto wa watu. Anayewaita kwa sababu ni rahisi kuliko gari aangalie kwanza anachonunua.

Na wa kutapisha je? Mvua kubwa ikianza, mtu anavizia giza, anatoa kizibo cha ukutani, shimo lake linamwagika mtaroni na kushuka kwa walioko bondeni. Asubuhi watoto wa Vingunguti na Jangwani wanakanyaga maji hayo kwenda shule. Majirani wanajua ni nyumba ipi, wanasonya, basi. Mpelekeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa bwana afya wa kata, tena mkiwa wengi, ili asijue ni nani wa kumnunia.

Gari ni ghali, nakubali, hasa kwa aliyepanga vyumba viwili. Lakini nyumba nne za uchochoro mmoja zikiita siku moja, dereva anapunguza, kwa sababu hapotezi safari. Iteni kiangazi, kabla ya foleni ya masika. Kwa walioko Mikocheni na Msasani, ambako maji ya ardhini yako karibu, mwenye karo la plastiki asilinyonye likabaki tupu kabisa, linaweza kuibuka kutoka ardhini na kukata mabomba. Pimeni mpira wa gari unafika wapi kabla dereva hajatoka kwake. Na kabla hamjalipa, mwulizeni anakwenda kumwaga wapi. Awataje mabwawa ya majitaka, ya Vingunguti au mengine yanayopokea magari, na akirudi aonyeshe risiti ya huko. Akisema, "Nyie lipeni tu, mengine niachieni mimi," mpeni nauli ya kuja mumwite mwingine.