Namna ya Kuikuza Sayari Bila Kukamatwa

Umeamua kuandika riwaya ya anga za juu. Vema. Shujaa wako katokea Nkwenda, Kyerwa, yumo chomboni, anachungulia dirishani na mbele yake iko sayari. Unataka sayari hiyo iwe kubwa kwelikweli, maana ikiwa ndogo shujaa naye atapungua, na shujaa akipungua mwandishi atabaki na nini? Funga mlango, nikupe siri.

1. Usitaje umbali. Ukubwa wa kitu machoni unatokana na mambo mawili, upana wake na umbali wake. Ukiyataja yote mawili umempa msomaji ushahidi wa kukufunga. Taja moja, jingine lifunike kwa ukungu. Fundi wa kazi hii alipita hapahapa Karagwe mwaka 1861, msafiri Mwingereza John Hanning Speke, akawa mgeni wa mfalme wa huku, Omukama Rumanyika. Aliviona vilele vya Virunga kwa mbali, akavitangaza kuwa ndiyo ile Milima ya Mwezi ya masimulizi ya kale, na hakuvikanyaga. Si kwamba hakuwa na utepe wa kupimia. Alikuwa nao, ila aliutumia kumpima shemeji ya mfalme unene wa mkono na kifua! Mwige kwa hekima: cha karibu kipime, kwa kuwa kina mashahidi, cha mbali kitangaze tu.

2. Tafuta punje ya kahawa. Karagwe na Kyerwa ukiikosa, lawama ni zako. Chukua iliyokobolewa, ishike kwa ncha za vidole, nyoosha mkono kuelekea Mwezi mpevu na ufumbe jicho moja. Mwezi wote umekwisha, umemezwa na punje, kwa sababu upana wake angani ni nusu digrii tu. Sasa vizia jioni unapochomoza nyuma ya migomba, mwekundu, umevimba, na watu wanaitana waje waone. Nyoosha punje ileile. Unafunikwa vilevile! Aliyeuvimbisha ni akili yako. Kwa mwandishi hiyo ni mali: iweke sayari yako nyuma ya kilima au juu kidogo ya paa la bati, kisha nyamaza. Msomaji ataikuza mwenyewe, bure, na mikono yako itabaki safi.

3. Ukibanwa utoe namba, gawa kipenyo cha sayari kwa umbali, zidisha kwa 57, utapata digrii. Dunia ina kipenyo cha kilomita 12,742, na Mwezi uko kilomita 384,400 kutoka hapa. Basi aliyesimama Mwezini huiona Dunia ikiwa na digrii zisizofika 2. Mwanaanga Jim Lovell, alipouzunguka Mwezi na wenzake wa Apollo 8 Desemba 1968, aliifunika Dunia nzima kwa kidole gumba. Fedheha hiyo usimpe shujaa wako. Mpeleke Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii, ambako sayari hiyo huonekana na digrii 19 hivi: ngumi mbili za mkono ulionyooshwa, zikiwa zimepangwa bega kwa bega. Hapo kiburi chako kitashiba, na kwa mara moja utakuwa umesema kweli.

4. Ila hesabu hiyo ni ya mbali. Ukiipeleka karibu inakuumbua. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Mwendo huo ukiupiga kwa basi la Dar es Salaam kutoka Kayanga, hujaiona hata Singida. Gawa, zidisha, utapata digrii zaidi ya 1,800, ilhali duara zima lina 360. Jibu la haki ni kama 140. Maana yake, huko Dunia si mpira unaoelea dirishani kama kwenye majalada ya vitabu. Imetanda chini yako yote, na ukingo wake wa mviringo uko pembeni kabisa. Mvivu mwenzangu, kariri jambo moja tu: mpandishe shujaa kimo kilicho sawa na nusu ya kipenyo cha sayari, nayo itakuwa na digrii 60. Sayari yoyote ile. Ni theluthi ya anga kutoka upeo hadi upeo, na wala huhitaji kujua jina lake.

5. Mwezi mwandamo usiuibe kwenye vitabu vya Ulaya, ambako mara nyingi husimama kwa ubavu. Kwetu, digrii moja na ushei kusini mwa Ikweta, hulala chali na pembe zake zikitazama juu. Ukiusimamisha juu ya Murongo, madereva wa bodaboda wa Omurushaka watakukamata ukurasa wa kwanza. Mshtarii hawajafika, lakini huo wanauona kila mwezi wakimsubiri abiria.

6. Atakuja mwalimu wa fizikia. Huja daima, na kalamu nyekundu. Usibishane naye, msifu kwanza, kisha mwambie kuwa dirisha la chombo lilikuwa la kioo cha kukuza. Akiuliza kinakuza mara ngapi, mjibu kwamba hilo liko kitabu cha pili, na upokee malipo ya nakala yake papo hapo.