Mwongozo wa Kusawazisha Mlinganyo kwa Mwanafunzi wa Awendo

Kwanza, tafuta sukari. Awendo hutahangaika: kiwanda cha SonySugar kiko papo hapo, na barabara imejaa maganda ya miwa. Andika C₁₂H₂₂O₁₁. Usiulize nani alizihesabu atomu hizo. Mwalimu wako hakuuliza, ndiyo maana leo ni mwalimu.

Pili, ichome. Molekyuli moja ya sukari hutaka oksijeni 12, nayo hutoa kaboni dioksidi 12 na maji 11. Unaruhusiwa kuchezea namba kubwa za mbele tu. Zile ndogo za chini ziache. Ukiigeuza H₂O kuwa H₂O₂ ili hesabu ikae sawa, itakaa sawa kweli, ila mgeni aliyeomba maji umempa dawa ya kupaushia nywele.

Tatu, ipokee moli kama mkwe: bila maswali. Ni chembe 6.02 × 10²³, na kwa sukari ni gramu 342. Ongeza gramu 384 za oksijeni, upate 528 za kaboni dioksidi na 198 za maji. Kushoto 726, kulia 726. Hakuna gramu iliyopotea. Hapo ndipo utajua kwamba bado uko darasani.

Nne, mjue anayekwisha kwanza, maana ndiye mwenye amri. Ukiwa na gramu 342 za sukari na oksijeni gramu 192 tu, nusu ya sukari itabaki ikikutazama, hata uirundike hadi darini. Mkulima hahitaji kufundishwa hili. Miwa anayo, imekomaa, hata imekatwa, trekta haijaja.

Basi tumia muda huo wa kungoja kufanya zoezi. Miwa iliyolala juani baada ya kukatwa, sukari yake hunywa maji na kuvunjika: gramu 342 na maji gramu 18 huzaa glukosi 180 na fruktosi 180. Jumla 360 pande zote mbili. Mlinganyo safi, mwalimu atakupigia alama ya vema. Tatizo ni kwamba hizo mbili hazigandi kuwa chembe za sukari kama mama yao; huishia kwenye molasi, na hata baadhi ya sukari nzima huzifuata huko. Wakati huo huo muwa wenyewe unakauka, na mkulima hulipwa kwa tani. Usimpelekee karani wa mizani mlinganyo wako. Yeye husoma namba moja tu.

Mwisho, kokotoa mavuno: gawa ulichopata kwa ulichotarajia, zidisha kwa 100. Ukipata asilimia 104, usishangilie. Sukari yako ina maji. Ikaushe, ipime tena, andika jibu jipya lisilopendeza. Kisha utasahau kuandika “gramu” kwenye hesabu, na mtahini atakukata alama.